Nilimwahidi mpwa wangu dubu weupe

Kwenye skrini iliyo mgongoni mwa kiti cha mbele yangu, ndege ilikuwa kipicha cheupe, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na pua yake ilielekea nisikokutarajia.

Ilikuwa Jumanne, Januari. Tuliondoka Singapore saa 8:25 usiku kwenda New York bila kutua popote, na kufikia hapo tulikuwa angani kwa saa tatu na nusu hivi. Taa zimezimwa. Jirani yangu kajifunika blanketi hadi utosini. Kwa hesabu niliyoipiga mwenyewe, wakati huo tulipaswa kuwa juu ya China, tukipanda kaskazini bila kupinda. Skrini ilisema vingine kabisa: Taiwan imebaki kushoto, chini yetu bahari, na mbele yetu, hadi pembeni mwa ramani, bahari tena.

Niliinua kipazia cha dirisha kwa upana wa vidole viwili. Kulikuwa kunapambazuka. Jua lilikuwa linachomoza mbele ya bawa la kulia, jekundu, bila haraka.

Mtoto nimemdanganya, nikajisemea.

Tangu siku hiyo zimepita wiki sita na jambo hili halijaniachia. Nimeliweka pembeni mara kadhaa, likarudi. Ninaliandika hapa labda litulie.

## Uzi wa sentimita 36

Siku tatu kabla ya safari nilipiga simu ya video nyumbani. Mpwa wangu ana miaka minane na ana tufe la dunia analolala nalo karibu. Akaniuliza nitapita wapi. Nikamwambia atafute uzi.

"Shika ncha moja Singapore, nyingine New York. Sasa vuta, usiuache ulegee."

Akavuta. Uzi ulipanda kutoka Singapore, ukakata China, ukakata Siberia, halafu ukagota kwenye kile kipini cha chuma kinacholishika tufe kwa juu. Akausogeza upande huu wa kipini, ukateleza. Akausogeza upande ule, ukateleza. Kipini kimechomekwa palepale ilipo ncha ya kaskazini, na uzi nao ulitaka kupita hapohapo.

Sababu inaonekana ukitazama namba. Singapore iko longitudo 104 mashariki, New York iko 74 magharibi. Jumlisha upate 178, na nusu ya dunia ni 180. Miji hii miwili imepeana mgongo, imebakiza digrii mbili tu. Kwa hiyo njia fupi kati yake haiendi mashariki wala magharibi. Inapanda hadi juu kabisa, kisha inateremkia upande wa pili.

Na umbali wake unaweza kuupiga kwa kalamu. Singapore iko digrii 1.4 juu ya ikweta, hivyo kutoka hapo hadi nchani ni digrii 88.6. New York iko digrii 40.6, hivyo kutoka nchani hadi huko ni 49.4. Jumla, 138. Digrii moja ya uso wa dunia ni kama kilomita 111.2. Zidisha: kilomita 15,346. Programu za kupimia umbali wa anga zinatoa namba inayopishana na hiyo kwa kilomita chache mno, na hizo chache zinatokana na dunia kuwa imebonyea kidogo kwenye ncha zake na mimi kukata desimali. Kwenye tufe la mtoto, lenye kipenyo cha sentimita 30, ni uzi wa sentimita 36.

Nilijiona mtaalamu. Nikamwambia tutapita juu ya barafu tupu, na mwenye macho makali anaweza kuwaona dubu weupe.

(Kutoka kilomita 11 juu. Mwezi wa Januari, ambapo huko nchani jua halichomozi hata dakika moja. Lakini nani ana moyo wa kumwambia hayo mtoto wa miaka minane?)

## Saa tano za tiketi

Mama akaichukua simu. Uzi haukumhusu.

"Ni mwendo wa saa ngapi?"

"Kilomita elfu kumi na tano na mia tatu na kitu, mama."

"Hizo sijakuuliza. Mwendo wa saa ngapi?"

Nilicheka, lakini swali lake ndilo lililonirudia baadaye usiku juu ya bahari. Kiswahili hakijawahi kuona tabu kupima umbali kwa muda. Tunasema mwendo wa siku mbili, mwendo wa saa tatu, na hakuna anayeuliza ni kilomita ngapi hizo. Neno mwendo limebeba vyote kwa pamoja: njia, mwenda njia, na hali ya siku hiyo. Mwendo wa mzee si mwendo wa kijana, na wa kwenye tope si wa kwenye ukavu. Mimi nilikuwa nimeshika kilomita kwa sababu kilomita hazibadiliki.

Nikamtumia picha ya tiketi. Akaisoma kwa sauti: kuondoka Jumanne saa nane na dakika ishirini na tano usiku, kufika Jumanne saa moja na nusu asubuhi.

"Si saa tano tu! Wewe unanitisha na kilomita."

Nikamweleza kwamba wakati wa majira ya baridi saa za New York ziko nyuma ya Singapore kwa saa 13, kwa hiyo hizo tano ni 18 na dakika chache. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi waandike hivyo." Sikuwa na jibu.

Hata hizo 18, kwa kweli, si za kuruka. Muda wa kwenye ratiba huanza kuhesabiwa ndege inaporudishwa nyuma kutoka kwenye geti, na huisha inaposimama kwenye geti la upande wa pili. Humo ndani kuna foleni ya kuingia njia ya kurukia, kuna kuzunguka juu kusubiri zamu ya kutua, na kuna dakika za akiba ambazo mashirika huzichomeka ili yaonekane yamewahi. Ukifika "dakika ishirini kabla ya muda", rubani akakutangazia kwa furaha, jua kuna mtu alikuwekea hizo dakika ishirini tangu mwanzo.

## Nilidhani ni baridi

Kwa hiyo kwa nini tulikuwa juu ya Pasifiki?

Nadharia yangu ya kwanza niliipata nikiwa New York, saa tisa usiku, macho makavu, mwili ukiamini ni mchana. Niliamua ni woga. Ncha ya kaskazini ni baridi, hakuna viwanja vya kutua kwa dharura, dira ya sumaku inachanganyikiwa, basi marubani wanaikwepa. Ilinitosha kwa siku mbili. Tena ilinipendeza, kwa sababu ilimaanisha kwamba uzi wetu ulikuwa sahihi na binadamu ndio waliokosa ujasiri.

Haikusimama. SAS, shirika la ndege la Skandinavia, lilianza kupeleka abiria kutoka Copenhagen hadi Tokyo kwa njia ya nchani, wakipumzika Anchorage, mwaka 1957, kwa ndege za mapanga. Mwezi Julai 1998 ndege ya Cathay Pacific ilitoka New York ikapita nchani ikatua Hong Kong bila kusimama, na ikawa safari ya kwanza ya kibiashara kufika kwenye uwanja mpya wa mji huo. Hatari za kweli zipo: mafuta ya ndege aina ya Jet A yanaanza kuganda kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na yale ya Jet A-1 kwenye 47, kwa hiyo marubani hukodolea macho joto la matangi, na likishuka mno huteremka chini kidogo au huongeza kasi. Lakini ni hatari iliyozoeleka. Njia ya nchani haijafungwa.

Nikabaki bila nadharia.

Kilichonizindua ni namba mbili zisizolingana. Singapore Airlines iliporudisha safari ya moja kwa moja kutoka Singapore hadi Newark, jirani na New York, Oktoba 2018, ilitangaza safari ya kilomita kama 16,700. Viwanja vya Newark na Kennedy, nilikotua mimi, viko upande huu na ule wa mji uleule. Uzi hauwezi kuwa mrefu zaidi kwa zaidi ya kilomita 1,300. Mwanzoni nilidhani watu wa matangazo wametia chumvi. Nani hapendi rekodi?

Hawakutia chumvi. Walitaja njia wanayoruka. Mimi nilitaja njia ya uzi.

Na ndipo swali likageuka. Ndege ile, A350-900ULR, ilitengenezwa kwa ajili ya kubana kila tone: matangi yake yanachukua lita 165,000 badala ya 141,000, na viti vimepunguzwa hadi 161. Safari ya kwanza ya aina hii, iliyoanza 2004 kwa ndege ya injini nne, ilifutwa 2013 kwa kuwa ilikunywa mafuta kupita kiasi. Watu wanaohesabu mafuta namna hiyo wanaongezaje kilomita elfu moja na zaidi kwa hiari yao?

## Mto usio na kingo

Wanaongeza kwa sababu ya upepo. Hilo wengi mnalijua, hata mimi nilikuwa nalijua, kwa jinsi mtu anavyojua mambo ambayo hajawahi kuyafikiria.

Kilomita tisa hadi kumi na mbili juu, katika latitudo za kati, kuna mikondo ya hewa iendayo mashariki, myembamba kwa kimo, mirefu maelfu ya kilomita, na wakati wa majira ya baridi katikati yake upepo unaweza kuvuka kilomita 300 kwa saa. Mzizi wake ni joto: hewa ya tropiki na hewa ya nchani zinapokutana zinatofautiana mno, na dunia inayozunguka inaukunja mtiririko kati yao uelekee mashariki. Tofauti ikikua, mkondo unakaza. Ndiyo maana Januari una nguvu kuliko Julai, na mashariki ya Japani ni miongoni mwa mahali unapovuma kwa nguvu zaidi duniani.

Ndege iliyo ndani ya mkondo huo haiijui ardhi. Yenyewe inakata hewa kwa kasi ya kilomita 900 hivi kwa saa, basi. Kama hewa nayo inasogea, hilo ni la hewa. Februari 2020, dhoruba ikiwa inavuka Atlantiki, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa sita na nusu au saba. Kwa mtu aliye chini, wakati fulani ilipita kwa kilomita 1,327 kwa saa, kasi ya kupita ya sauti. Lakini haikuvunja kizuizi chochote cha sauti. Kwa hewa iliyoizunguka ilikuwa inatembea kama siku zote.

Mtu aliyeupima mkondo huu mapema ni Mjapani, Wasaburo Ooishi. Miaka ya 1920 alikuwa akirusha maputo kutoka kituo cha Tateno na kuyafuata kwa darubini, akaona yanakokotwa kuelekea mashariki kwa kasi isiyo ya kawaida. Akaandika ripoti yake mwaka 1926. Akaiandika kwa Kiesperanto, ili dunia nzima iisome.

Haikusomwa.

Marubani wa Marekani waliujua upepo huo kwa ubaya mwaka 1944, mabomu yao yalipokuwa yakipeperushwa mbali na shabaha juu ya Japani. Na Wajapani, waliokuwa na hesabu za kwao, wakautumia: waliachia maputo kama 9,000 yaliyobeba mabomu, yavushwe na upepo hadi Amerika Kaskazini. Mengi yalipotea. Moja liliua watu sita huko Oregon, Mei 1945, mama mjamzito na watoto watano waliokuwa matembezini. Kilichonishika katika habari hiyo, zaidi ya ukatili wake, ni kwamba maputo yale hayakuwa na injini wala rubani na yaliivuka Pasifiki kwa siku tatu hivi.

Mwendo wa siku tatu. Mama angeuelewa umbali huo mara moja.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo nimelitamka maisha yangu yote. Kaskazini ni kunakotoka kaskazi. Kusini ni kunakotoka kusi. Mashariki na magharibi, maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, ni jua linakochomoza na linakotua. Katika lugha yetu hakuna upande hata mmoja uliopewa jina na ramani. Pande mbili zimepewa majina na upepo na mbili na jua, na mimi nilikuwa nimekaa hotelini usiku wa manane nikishangaa kwamba njia ya ndege inaamuliwa na upepo.

## Kilomita za hewa

Niliipiga hesabu nyuma ya risiti, kwa namba za mviringo. Sisemi ndiyo hesabu halisi ya safari yangu, ni ya kuonyesha tu.

Ndege inakata hewa kwa kilomita 900 kwa saa. Ikae angani saa 17: imekata kilomita 15,300 za hewa. Huo ndio mzigo halisi wa injini, na mafuta yanafuata huo. Sasa upe msukumo wa nyuma wa kilomita 80 kwa saa kwa wastani wa safari nzima, si mkubwa, katikati ya mkondo kuna zaidi ya mara tatu yake. Kwa saa 17 hewa yenyewe imekubeba kilomita 1,360. Jumlisha: 16,660.

Niliitazama ile 16,660 kwa muda mrefu.

Yaani njia ndefu ya Pasifiki na njia fupi ya uzi, kwa injini, zinalingana. Na kama kule nchani siku hiyo kuna upepo wa mbele, hata mdogo wa kilomita 30 kwa saa, ile fupi inakuwa ndefu kwa nusu saa nzima. Nusu saa kwenye safari ya aina hiyo ni tani za mafuta, na tani hizo ungetakiwa uzibebe tangu Singapore, na kuzibeba nako kunakula mafuta.

Kumbe wanaopanga safari hawaanzi na ramani ya dunia. Wanaanza na ramani ya hewa. Kuna vituo viwili tu vya utabiri wa anga kwa safari za ndege za dunia nzima, kimoja London na kingine Washington, na utabiri wao wa upepo unaingia kwenye kompyuta za mashirika mara kadhaa kwa siku. Kompyuta inajaribu njia nyingi, inachagua. Jumanne inachagua hii, Jumatano inaweza kuchagua ile. Unaweza kupanda ndege ileile, namba ileile ya safari, wiki mbili mfululizo, na usipite juu ya maji yaleyale.

Uzi wa mpwa wangu ulikuwa sahihi kwa dunia isiyo na hewa.

## Kurudi

Nilikaa New York siku nane. Nikaondoka Jumatano saa nne na nusu usiku, na safari hii sikutaka kuaibika. Nilikaa macho hadi tulipotulia juu, nikawasha skrini.

Nilitegemea tutarudi tulikotoka. Mtu akienda sokoni kwa njia ya mtoni hurudi kwa njia ya mtoni. Lakini ndege ilikuwa juu ya Atlantiki, pua mashariki, tukielekea Ulaya.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilicheka peke yangu hadi mhudumu akaniuliza kama nahitaji kitu. Bila shaka mashariki! Upepo wa Pasifiki uliotusukuma kuja ungetukabili kurudi. Na kwa kuwa miji hii imepeana mgongo, kwenda mashariki hadi New York na kwenda mashariki hadi Singapore ni karibu sawa. Safari zote mbili zinafuata mkondo. Ndege hairudi nyuma hata mara moja.

Nilikuwa nimenunua tiketi ya kwenda na kurudi, kumbe nazunguka dunia.

Zaidi ya kilomita 32,000 kwa jumla, kwenye sayari ambayo ikweta yake ina 40,075, na sikuona tangazo lolote, wala mtu yeyote ndani ya ndege aliyeonekana kujali. Upande wa pili wa njia mtu alikuwa anatafuta soksi yake.

## Upepo si peke yake

Ningependa kusema upepo ndio unaoamua yote. Ingekuwa habari safi zaidi. Lakini chukua Helsinki na Tokyo. Hadi Februari 2022 ilikuwa safari ya saa tisa na nusu hivi, juu ya Siberia. Vita vya Ukraine vilipopamba moto na Urusi ikafunga anga yake kwa mashirika ya Ulaya, ikawa kama saa 13, ndege ikizunguka ama kupitia nchani ama kupitia kusini. Helsinki haikusogea. Tokyo haikusogea. Ukiuliza programu, kilomita ni zilezile, kama 7,800. Hakuna mkondo wa hewa uliobadilika. Ni saini.

Nilipolisoma hilo nikaacha kukasirikia ramani.

## Jua la ziada

Sasa lile jua.

Kwenye safari ya kwenda, jua lililochomoza mbele ya bawa lilikuwa la Jumanne. Tulikimbilia mashariki, kwa hiyo mchana ule ulidumu kama saa sita tu, likazama nyuma yetu katikati ya Pasifiki. Tukala usiku mwingine, tukauvuka mstari wa tarehe, na tulipokaribia kutua New York likachomoza tena. Nikatazama simu. Jumanne.

Jumanne moja, mapambazuko mawili, yaliyopishana kwa saa 14 hivi.

Sikuwa wa kwanza. Kati ya 1943 na 1945, ndege za majini aina ya Catalina zilikuwa zikitoka karibu na Perth, Australia, hadi Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, zikiwa zimezima redio ili Wajapani wasizisikie. Zilikaa angani kati ya saa 27 na 33, na waliokuwamo waliona jua likichomoza mara mbili. Safari hizo zikaitwa kwa jina hilohilo, za macheo mawili. Wale waliyaona kwa sababu ya uvivu wa ndege zao. Sisi kwa sababu ya haraka ya yetu.

Alhamisi ya kurudi ilikuwa kinyume. Ilianza tulipokaribia Ulaya, mchana wake ukaisha baada ya saa nne na kitu mahali fulani Asia ya Kati, na tulipotua Singapore ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika kumi, giza bado. Alhamisi ninayoweza kusema niliiishi ilikuwa mstari wa machungwa chini ya kipazia.

Nikazihesabu siku. Tangu kuondoka Singapore hadi kurudi, mimi nimeona mapambazuko kumi na moja: mawili ndani ya ndege ya kwenda, manane New York, moja ndani ya ndege ya kurudi. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Tangu ile Jumanne, kumepambazuka mara ngapi hapo nyumbani?"

"Marahaba. Umekosa kalenda?"

Akahesabu lakini. Kumi.

Nilimweleza kuhusu Pigafetta, Mwitaliano aliyekuwa kwenye safari ya Magellan. Mwaka 1522 waliobaki walipofika visiwa vya Cape Verde wakiwa wameizunguka dunia kuelekea magharibi, waliuliza leo ni siku gani wakaambiwa Alhamisi, ilhali daftari lake, lisilorukwa hata siku moja, lilisema Jumatano. Wao waliikosa siku kwa kuifuata njia ya jua. Mimi nimeipata kwa kulipokea.

"Kwa hiyo una siku moja zaidi yangu."

"Siyo hivyo, mama. Saa ni zilezile, tumeishi sawasawa. Ni jua tu nimeliona mara moja zaidi."

"Ulichelewa kuzaliwa siku moja," akasema. "Sasa umeilipa."

Akampa simu mpwa wangu.

Huyu nilikuwa namkwepa. Nilimwambia ukweli: barafu sikuiona, dubu sikuwaona, hatukupita nchani wala kwenda wala kurudi. Hakusema kitu. Nikamwambia alete tufe, na uzi mrefu zaidi.

Tuliuanzia Singapore. Nikamwelekeza: Taiwan iache kushoto, pita mashariki ya Japani, vuka maji yote hayo, ingia Amerika, New York. Bonyeza kwa kidole. Usiukate. Sasa endelea, Atlantiki, Ulaya, shuka, India, Singapore. Akafunga fundo.

Alipoachia kidole, kitanzi kikateleza juu taratibu, kikajikusanya na kutulia kukizunguka kile kipini cha chuma.

Akakitazama. Akakigusa kwa ukucha, kikazunguka.

"Mjomba," akasema, "kumbe dubu uliwazunguka."